Chama cha kanda cha wachambuzi wa tabia kinafanya kazi gani hasa? Nimeombwa niingie kamati

mchambuzi_mpya

Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie mliotangulia kwenye hii fani. Mimi ni mchambuzi wa tabia, cheti nimekipata mwaka jana, nafanya kazi zaidi na watoto wenye usonji na mtu mzima mmoja aliyeumia ubongo kwenye ajali. Niko peke yangu huku, yaani mwenzangu wa karibu wa fani hii nikimtaka lazima nisafiri siku nzima, kwa hiyo nikikwama naishia kusoma majarida usiku na kujijibu mwenyewe.

Sasa chama chetu cha kanda nilijiunga tangu nikiwa mwanafunzi, ada nalipa, kongamano la mwaka nimehudhuria mara mbili, nikapata saa zangu za mafunzo endelevu nikarudi nyumbani, basi. Wiki iliyopita mwenyekiti kanipigia simu kaniomba niingie kamati ya mafunzo, muhula wa miaka miwili. Nimemwomba anipe siku chache nifikirie.

Ninachouliza, na nauliza kwa nia njema kabisa, hiki chama ukiondoa kongamano kinafanya nini? Cheti kimetoka kwenye bodi, kanuni za maadili zimetoka kwenye bodi, utafiti naupata kwenye majarida, chama cha kimataifa nacho kipo. Hiki cha kanda kisipokuwepo kuna mtu ataumia? Maana muda nitakaoutoa hapo nautoa kwa watoto ninaowahudumia, sina muda mwingine umekaa tu unasubiri kazi.

mzee_wa_grafu

Karibu mdogo wangu. Umeuliza swali zuri nami nitakujibu kwa kesi moja tu, mambo ya katiba ya chama wenzangu watayaeleza.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini, nina kijana wa miaka tisa anajipiga kichwani kwa kiganja. Tulimfanyia tathmini kujua ile tabia inamletea nini, tukaona anajipiga akipewa kazi ngumu, kazi ikiondolewa anatulia. Basi tukamfundisha kuomba mapumziko kwa kadi, anampa msaidizi kadi, anapumzika dakika mbili, anarudi. Kitu cha kawaida kabisa kwenye fani yetu. Mwanzoni nilikuwa nahesabu mapigo 12 kwa kipindi, wiki ya sita nimefika 7. Nikachora grafu, mstari unashuka, nikamwandikia mama yake ripoti kwamba kijana anaendelea vizuri, alafu nikaipeleka ile grafu kwenye kikao cha kesi cha chama cha kanda, tulikuwa watu nane kwenye chumba kimoja.

Kulikuwa na dada mmoja mkubwa kwangu kwa miaka mingi, hakuuliza kuhusu kadi wala kuhusu kijana, aliuliza tu "kipindi chako ni cha muda gani?" Nikasema saa mbili. Akasema "mpaka leo ni saa mbili?" Nikafungua karatasi za kuhesabia, zile zenyewe zilizojazwa kwa kalamu, nikaona tangu wiki ya nne ratiba ilibadilika na vipindi vimekuwa vya saa moja. Mapigo 12 kwa saa mbili ni 6 kwa saa. Mapigo 7 kwa saa moja ni 7 kwa saa. Yaani kijana alikuwa hajapungua hata kidogo, alikuwa ameongezeka, na mimi nilikuwa nachora idadi badala ya kasi na nimeshampa mama mtu matumaini kwa karatasi yenye jina langu chini.

Tukarudi kuangalia kwa macho. Kumbe kadi ilikuwa inakaa ndani ya faili la msaidizi, faili liko kwenye kiti cha nyuma. Mtoto kuomba mapumziko lazima kwanza aombe kadi, na kuomba kadi hatukumfundisha. Tukaibandika mezani karibu na mkono wake wa kulia (ndio anaoutumia) na msaidizi akaelekezwa aitikie papo hapo, asimalizie kwanza sentensi yake. Wiki tatu baadaye tulikuwa chini ya mapigo 2 kwa saa, na safari hii ni kwa saa kweli.

Sasa niambie, bodi ingeliona hilo? Bodi inajua umefaulu mtihani, umelipa, umetimiza saa zako za mafunzo. Jarida nalo haliwezi kukuuliza kipindi chako ni cha muda gani. Kwa hiyo ukiniuliza chama kisipokuwepo nani ataumia, jibu langu ni kwamba yule kijana angeendelea kuumia, tena kwa mkono wake mwenyewe, na mimi ningekuwa naandika ripoti nzuri kila mwezi.

nilijitoa

Mimi nitasema upande wa pili na naomba nisieleweke vibaya, fani hii naipenda na watu wake nawaheshimu. Nilikuwa mwanachama wa chama kimoja cha kanda miaka sita, nikajitoa. Vikao vya kesi kama hivyo anavyosimulia mzee vilikuwepo mwaka wa kwanza na wa pili, alafu aliyekuwa anaviitisha akahama na hakuna aliyechukua nafasi, vikafa kimya kimya. Kilichobaki ni kongamano la siku mbili, tunakaa ukumbini asubuhi mpaka jioni tunaangalia slaidi, wazungumzaji wazuri sina neno, ila ukitaka kunyoosha mkono useme nina mtoto hivi na hivi nisaidieni, muda umeisha tunakwenda kwa mzungumzaji anayefuata.

Na mkutano mkuu walikuwa wanauweka saa ya chakula siku ya pili, watu wamesimama na sahani mkononi, hesabu za mwaka zinasomwa dakika tano, anaulizwa nani ana swali, kimya, majina yaleyale yanapita tena. Sikuwahi kusikia kuna mtu kaiba, sisemi hivyo kabisa, nasema tulikuwa wachambuzi wa tabia ambao kazi yetu ni kupima, na chama chetu chenyewe kilikuwa hakipimi chochote isipokuwa idadi ya waliohudhuria.

Kwa hiyo ndugu yangu kabla hujamjibu mwenyekiti muulize hiyo kamati ilikaa mara ngapi mwaka jana na umwombe kumbukumbu za vikao usome. Kama kumbukumbu hakuna, jua unaitwa kupanga viti.

katibu_mstaafu

Aliyejitoa amesema kweli na wala sio chama hicho kimoja tu, nimekuwa katibu kwa mihula miwili naijua hiyo hali ya sahani mkononi. Lakini mchambuzi mpya umeuliza swali lenye mchanganyiko kidogo naomba nilichambue maana watu wengi wanachanganya.

Bodi ya vyeti kazi yake ni kumlinda mteja kwa kusema huyu amefikia kiwango na huyu hajafikia. Haiko upande wako na haitakiwi kuwa upande wako. Leseni, mahali ilipo, ni ya serikali. Chama ni cha wanachama wenyewe, hakitoi cheti wala hakimnyang'anyi mtu cheti, nguvu yake ni kukutanisha watu na kusema kwa sauti moja mbele ya serikali, mbele ya bima, mbele ya shule. Ukimtegemea mmoja afanye kazi ya mwingine utalalamika kila siku.

Alafu hili la kanda kuonekana dogo, hapana. Chama cha kimataifa unachokitaja, ABAI, chenyewe kilianza 1974 kikiwa chama cha kanda ya Midwest huko Marekani, ukubwa ulikuja baadaye. Na haya maadili tunayosema yanatoka kwenye bodi, ukifuatilia nyuma unakuta yamepita mikononi mwa chama cha eneo moja. Florida mwaka 1972 kwenye taasisi ya Sunland pale Miami, sehemu walikokuwa wanaishi watu wenye ulemavu wa akili, yaligundulika mambo ya kutisha, wakazi wanapigwa, wanafungwa, wanafungiwa peke yao muda mrefu, wanadhalilishwa, na yote hayo yakiitwa programu ya kurekebisha tabia. Waliokuwa wanafanya vile walijiona wataalamu na hakukuwa na mtu wa kuwauliza mmesomea wapi na nani anakagua. Baada ya pale ndio ukaanza mchakato mrefu wa kuweka miongozo na kamati za wenzao za kukagua programu, chama cha Florida, FABA, kikaanzishwa 1980, na 1988 wanachama wake wakapitisha kanuni zao za maadili, wakati huo bodi ya BACB haipo hata kwa jina. Bodi imekuja 1998, kaianzisha Gerald Shook, na ilijengwa juu ya mtihani wa vyeti uliokuwa tayari unafanyika hapohapo Florida. Huwa nawaeleza hii habari wanachama wapya wote kwa sababu ukweli ni kwamba kanuni zetu zimezaliwa kwenye mateso ya watu ambao hawakuweza kujisemea.

Na bado kura zina kazi. Ile 2022 wanachama wa ABAI walipopiga kura kupinga kabisa kumpiga mtu shoti ya umeme kwenye ngozi ili kupunguza tabia, ilikuwa ni watu wa kawaida kama mimi na wewe ndio waliopiga. Asiyekuwa mwanachama hakupiga.

Jingine, kuanzia Januari 2023 BACB ilipunguza eneo lake, maombi mapya ya vyeti ikabaki kupokea kutoka nchi chache tu, kwa hiyo sehemu nyingi za dunia watu waliokuwa njiani ilibidi watafute njia nyingine, wengine wakaenda kwenye vyeti vya IBAO, shirika jingine la kimataifa la vyeti, wengine wakaanza kujadili viwango vyao wenyewe. Hayo mazungumzo nani anayaongoza kama sio vyama vya nchi na vya kanda? Hakuna mwingine.

Kuhusu kamati ya mafunzo yenyewe, nitakwambia bila kupamba, ni kazi ya makaratasi. Mwenye BCBA, yaani cheti cha mchambuzi wa tabia cha BACB, anadaiwa saa 32 kila miaka miwili, 4 kati ya hizo za maadili, na akisimamia wengine kuna 3 za usimamizi. Ili saa zitambuliwe lazima mkufunzi awe na sifa, malengo yaandikwe kabla, mtu aingie na kutoka kwa saini, vyeti vitunzwe. Mtu akitoka nusu saa kabla hapati cheti, na atakukasirikia wewe uliyesimama mlangoni na daftari hata kama ni rafiki yako. Lakini humohumo ndimo unaamua watu wafundishwe nini mwaka huo, na hiyo ndiyo nafasi ambayo watu wanaitelekeza. Mwaka mmoja tulikuwa na maombi kumi na kitu ya mada, karibu yote watoto wadogo na usonji, tukakataa nusu tukamtafuta mtu wa wazee wenye kupoteza kumbukumbu na mtu wa usalama kazini, kwa sababu sayansi ni hiyohiyo na wanachama wetu walikuwa wameshaanza kusahau kwamba inakwenda mbali hivyo.

mama_wa_kijana

Samahanini naingia na mimi sio mtaalamu, ni mzazi. Kijana wangu ana miaka kumi na nne sasa, ana usonji, haongei kwa mdomo anatumia tableti.

Nataka kusema kuhusu neno. Mara ya kwanza kuambiwa ataletewa mchambuzi wa tabia sikulala, nikajua kuna mtu anakuja kuniambia mwanangu hana tabia, yaani hana adabu, mimi nimeshindwa kulea. Kwa Kiswahili chetu tabia ndio hiyo, mtu ana tabia nzuri au ana tabia mbaya. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenu nyie tabia ni kitu chochote mtu anachofanya, hata kunyoosha mkono kuchukua kikombe ni tabia. Nimekuja kujua baada ya miezi na nilikuwa nimeshaumia bure.

Alafu siku nyingine kwenye kikao mtaalamu akasema tatizo ni uimarishaji hasi. Nikasema mbele ya watu, mimi mwanangu sijawahi kumwadhibu. Akacheka kidogo akaendelea na mambo mengine. Mpaka leo nakumbuka kile kicheko.

Kwa hiyo ninyi wa vyama kama mnatafuta kazi ya kufanya, mkae na wazazi mtafute maneno. Na mkae na watu wenye usonji wenyewe waliokua, maana wapo, na wengine wana malalamiko mazito kuhusu walivyofanyiwa wakiwa wadogo, walilazimishwa kuangalia watu machoni, walizuiwa kutikisa mikono, mpaka leo yanawauma. Nimewasoma nikalia. Mtu wa hivyo asiitwe kongamanoni kutoa ushuhuda wa dakika kumi, awe kwenye kamati na kura yake.

katibu_mstaafu

Mama pole sana kwa kile kicheko, hakikutakiwa kutoka.

Nikwambie, hiyo kazi ya maneno sisi tuliifanya na ndio kazi ninayoikumbuka kuliko zote. Tulikuwa na kikundi cha istilahi, watu watano, mmoja mwalimu wa lugha, wawili wazazi, tunakutana kila baada ya wiki mbili. Neno adhabu peke yake lilitukalisha vikao vitatu. Kwenye sayansi yetu adhabu ni jambo lolote linalofuata tabia na kuifanya ipungue baadaye, haijalishi kama kuna aliyekusudia, ukishika sufuria ya moto kesho hushiki, sufuria haina nia mbaya na wewe. Kwa Kiswahili adhabu lazima kuna mkosaji na kuna mwenye kuadhibu. Mzazi akisoma ripoti yenye neno adhabu ameshamwona mtoto wake anachapwa.

Na hilo la uimarishaji hasi ndio balaa zaidi kwa sababu watu wanasikia hasi wanaelewa ubaya, wakati ni alama ya kutoa kama kwenye hesabu. Mtoto anapiga kelele, ile kazi inaondolewa, kesho anapiga kelele zaidi kwa sababu kelele zimemwondolea kitu asichokitaka. Hakuna aliyemwadhibu, na kelele zimeimarika. Mwisho tukakubaliana kwenye ripoti za wazazi neno lisitumike kabisa, tuandike "anafanya hivi ili aondokane na kitu fulani" na tutaje kitu chenyewe. Istilahi zikabaki kwa wataalamu na wanafunzi. Kale kaorodha kamesaidia watu wengi kuliko hotuba zote nilizowahi kupanga.

La watu wenye usonji kuwa na kura, wakati wangu tulikuwa na mmoja kwenye kamati ya maadili, na ni yeye aliyetulazimisha tuandike kwamba kila programu inayoletwa kukaguliwa ieleze mtoto mwenyewe anaonyeshaje kwamba amekataa, hata kama haongei. Kugeuza uso, kusukuma, kuinuka. Tulidhani tunalijua hilo. Tulivyoanza kuwauliza wataalamu, wengi hawakuwa na cha kuandika hapo.

bado_mwanafunzi

Mimi nachangia kidogo tu, nakusanya saa za mazoezi za kuombea cheti, njia ya kawaida ni saa 2000, ile ya usimamizi mwingi zaidi ni 1500, na kumpata msimamizi ndio kazi kuliko kusoma. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa anasaini fomu kila mwisho wa mwezi bila kuniona nikifanya kazi na mtoto hata mara moja, nikawa najua hii sio sawa ila nitasema kwa nani na yeye ndiye anashika kalamu. Chama cha kanda kilikuwa na orodha ya wasimamizi wanaojitolea, dada mmoja akanichukua kwa njia ya video, kipindi cha kwanza akanikatiza mara nyingi mpaka nikakasirika, nilikuwa natoa kidokezo kwa mkono kabla mtoto hajapata nafasi ya kujaribu mwenyewe, kila mara, na sikuwa najiona. Alinihesabia. Mara 23 kwa dakika kumi. Kipindi kilichofuata nikakaa na mikono chini ya meza, na mtoto akafanya mwenyewe vitu ambavyo nilikuwa nimeandika hawezi.

Kwa hiyo kaka, au dada sijui, ingia kamati.

mchambuzi_mpya

Asanteni sana wote, mama nimesoma ujumbe wako mara mbili na nimefungua ripoti zangu nikaanza kufuta maneno.

Kuna kitu sikukisema mwanzoni kwa sababu niliogopa. Kuna kituo nafanya nao kazi nusu siku, mwenye kituo anataka kila mtoto aandikiwe saa 30 kwa wiki, kwa kuwa ratiba za wasaidizi zimepangwa hivyo. Nina binti wa miaka minne, tathmini yangu inaonyesha saa 12 zinamtosha, anaongea vizuri, anacheza na wenzake, anachohitaji ni kufundishwa kuvumilia mabadiliko na kujisaidia chooni. Nimeandika 12. Fomu imerudi mezani kwangu ina duara jekundu kwenye ile namba, hakuna maelezo. Bado sijaigusa na leo ni siku ya nne. Hapa chama kinaweza kunisaidia nini kweli?

katibu_mstaafu

Kwanza usibadilishe namba. Hilo ni la kanuni za maadili za bodi zenyewe, zile zilizoanza kutumika Januari 2022, pendekezo la huduma linatoka kwenye tathmini na mahitaji ya mteja, sio kwenye ratiba ya wafanyakazi.

Pili mjibu kwa maandishi leo, barua fupi ya heshima. Usimtuhumu, mwambie nimeona alama kwenye fomu, tathmini ya tarehe fulani inaonyesha hivi, ndiyo maana nimependekeza 12, kama kuna taarifa sijaiona naomba niione. Weka nakala. Wazazi wa binti waelezwe tathmini imesema nini, maana ni yao kabla haijawa ya kituo. Usisaini fomu nyingine yoyote juu ya ile.

Chama hakiwezi kumwamuru mwenye kituo, hilo lijue. Ila vyama vingi vina mtu au kamati ya ushauri wa maadili, unampigia unamsomea barua kabla hujaipeleka, anakwambia hapa umekasirika punguza, hapa umeficha jambo liseme. Na akisikia habari hiyohiyo kutoka kwa watu watatu wa vituo tofauti, hapo chama kina la kuandika kwa bima na kwa wizara bila kutaja jina la mtu. Peke yako wewe ni mfanyakazi msumbufu. Mkiwa watatu tayari hiyo ni taarifa.

mzee_wa_grafu

Naongezea hapo kwenye saa. Hizi namba kubwa watu wanazibeba kutoka kwenye utafiti wa mtaalamu Lovaas wa 1987, watoto 19 wenye usonji waliopata zaidi ya saa 40 kwa wiki, 9 kati yao wakaja kusoma darasa la kawaida. Utafiti mkubwa kwa wakati wake, umebishaniwa sana mpaka leo, lakini hata ukiukubali wote wale walikuwa watoto wadogo sana waliokuwa na hali zao na malengo yao. Binti wa kuvumilia mabadiliko na kwenda chooni sio wale. Saa 18 za ziada kwa mtoto wa miaka minne ni usingizi wake wa mchana na kucheza na ndugu zake, uandike hivyo kwenye barua.

nilijitoa

Nimesoma hii ya duara jekundu nimesikitika. Mimi liliwahi kunipata jambo kama hilo nikiwa tayari nimejitoa, sikuwa na wa kumpigia, nikaacha kazi. Yule mtoto alibaki palepale na saa zake, aliyeondoka ni mimi tu. Ukiingia kamati ukaanzisha vikao vya kesi vya kweli nitafute, nitarudi.

mchambuzi_mpya

Barua imeenda jana jioni. Nimemsomea kwanza mshauri wa maadili wa chama kwa simu, tumekata aya nzima niliyokuwa naipenda. Bado sijajibiwa.

Mwenyekiti nimempigia pia, nimemwomba kumbukumbu za vikao, kamati ilikaa mara mbili mwaka jana na kumbukumbu ni za mara moja. Nimekubali kuingia ila kwa sharti, kila mwezi kikao kimoja cha kesi kwa video, saa moja na nusu, kesi mbili tu, hakuna slaidi. Amesema sawa, nipange cha kwanza mwenyewe.

Mzee naomba unielekeze, nikileta kesi yangu natakiwa kuja na nini, grafu peke yake inatosha?

mzee_wa_grafu

Haitoshi. Ridhaa ya mzazi iliyosainiwa, jina la mtoto toa kila mahali hata kwenye jina la faili, alafu uje na zile karatasi zenyewe za kuhesabia, zenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Nitakuwepo.